Kumuaga Dijei Aliyekuwa Akiruka Nyimbo

Mheshimiwa Dedan, mwenyekiti wetu wa Nyumba Kumi. Mzee Kinyanjui, mwenye jengo hili tulimoketi. Ustadh Abdulrauf na Pasta wetu, mlioketi pamoja hapo mbele kama mashahidi wa harusi. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Kabiria na Hurlingham, na nyinyi ambao hakuna aliyewaalika ila mmesikia kuna chakula. Akina mama wenzangu. Akina baba mliosimama mlangoni mkijifanya mnapita tu. Watoto mlioketi sakafuni. Na wewe mwenye siku yako, Muigai, dijei wetu: hamjambo nyote?

Naanza kwa kuomba radhi. Kazi ya kuandika hotuba hii nilipewa tangu mwezi uliopita, na nimeiandika leo asubuhi, nikiwa nimesimama, karatasi juu ya mtungi wa maji na mkono mmoja ukikoroga uji. Sikuchelewa kwa kukosa la kusema. Nilichelewa kwa sababu kila nikishika kalamu kuna mtu anaita mama. Waliponichagua walisema Mama Syokimau ana mwandiko mzuri. Sasa niulize, mwenyekiti: kuna aliye hapa anayeuona mwandiko wangu? Haya, tuyaache. Huyu mdogo mgongoni akilia nitamnyonyesha na nitaendelea kusoma, na naomba mtu yeyote asishangae.

Kwa faida ya wageni, nieleze kwanza tunamuaga nani. Huu ni ukumbi wa video. Mabenchi ndiyo haya, runinga ndiyo ile, na pale pembeni, kwenye kile kimeza chenye maiki, ndipo kazini kwa Muigai. Filamu huzungumza Kiingereza, naye huizungumza upya kwa Kiswahili cha hapa Kangemi, sauti zote akitoa mwenyewe: ya mfalme ni yake, ya mchawi ni yake, na farasi akilia, huyo pia ni yeye. Siku za wiki anawatafsiria wanaume zile za mabunduki, ambazo mimi sina haja nazo. Lakini Jumamosi alasiri ukumbi huwa wa familia, na kinachowekwa ni zile filamu za zamani za hadithi za kifalme, zenye rangi kama peremende, ambamo mtu moyo ukimjaa haongei tena, anaimba.

Na sasa Muigai anatuacha. Amepata kazi redioni Nakuru, kutangaza mpira. Nimeambiwa niseme tunafurahi. Basi tunafurahi.

Ndugu zangu, kuna watu wanaoniuliza, na wengine wako humu ndani, mama mzima kama mimi, ninayefua nguo za watu Hurlingham tangu Jumatatu hadi Ijumaa, natafuta nini kwenye filamu ya binti mfalme. Nitawajibu. Natafuta mahali pa kukaa. Natafuta filamu ambayo sihitaji kumfunika mtoto macho kila baada ya dakika mbili, mpaka mkono unakufa ganzi. Natafuta kitu ambacho mtoto atacheka, nami nitacheka, na shosho, yule bibi kizee aliye nyuma yangu, atacheka, na sote tutakuwa tunacheka jambo moja. Mnajua ni mambo mangapi hapa mtaani ambayo mtoto na shosho wanaweza kucheka pamoja? Nitajieni.

Na zina uongo wao, najua. Katika filamu hizo mtu anakwenda sokoni kununua kabichi, anaanza kuimba, na soko zima linamwitikia, tena linajua na hatua za kucheza. Jaribuni hapo sokoni kwetu. Imba ukinunua sukumawiki uone kama kuna atakayekuitikia. Watashika pochi zao. Lakini ni uongo mtamu, na hauna madhara, na mtu akitoka hapa saa za jioni anayaona hata mafungu ya nyanya yamependeza zaidi. Pasta alikuja mara ya kwanza kukagua uchawi. Alikagua mpaka mwisho, na aliondoka akipiga mluzi. Ustadh alisema atakaa mlangoni tu, na leo ana benchi lake ambalo hakuna anayelikalia.

Kwa hiyo ubaya haukuwa kwa filamu. Ubaya ulikuwa kwa Muigai.

Usicheke, Muigai. Leo ni siku yako, na siku ya mtu anasifiwa kwa ukweli. Nyinyi mnaojua kazi ya dijei mnajua inavyofanywa: palipo na maneno anatafsiri, palipo na vita anapiga kelele, na wimbo ukianza anabonyeza kidude, filamu inaruka mbele. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha, na aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo hivyo. Wimbo hautafsiriki, wanasema, na unakula muda. Basi tukawa tunaletewa filamu za nyimbo zilizotolewa nyimbo. Mnajua ni nini hiyo? Ni kama mtu akuandalie ndizi, akupe maganda.

Sikulijua hilo kwa miezi mingi, na niseme wazi kwamba hakuna mama aliyelijua, maana tulikuwa tunasinzia. Nililijulia kwenye korido ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Watoto walikuwa wanacheza harusi. Kijana wa jirani, wa darasa la pili, alimjia binti yangu Syokimau, akamshika mkono, akasema, "Twende. Wewe ni bibi yangu sasa." Na Syokimau wangu, ambaye mimi nikimwambia vaa soksi tunabishana mpaka basi la shule linaondoka, alimfuata. Alimfuata kimya, kama mbuzi wa kununuliwa.

Nilidondosha beseni. Nikamwita, nikamuuliza mchezo gani huo. Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto.

"Ndivyo wanafanya kwa video, mama. Wanakutana, dijei anasema mambo yameiva, halafu wanaoana."

Nawaomba akina mama mlifikirie hilo neno nilivyolifikiria mimi usiku ule, mdogo akininyonya na usingizi umenikataa. Mambo yameiva. Yameivishwa na nani? Binti aliulizwa? Alijibu? Nilijikuta nakumbuka filamu yenyewe, ile ya binti wa mwoka mikate na mwana wa mfalme anayejifanya mchunga bata, na nikaona kweli, ukumbini kwetu walikutana sokoni, filamu ikaruka, tukawa harusini. Nikasema Jumamosi nitakuja na nitaketi karibu na kile kimeza.

Nilikuja. Nilikuwa bado na aproni ya kufulia. Na Mama Kijakazi, mnamjua, jirani yangu kutoka Lamu anayetuuzia mahamri hapo nje, alinifuata nyuma kwa sababu aliona uso wangu akadhani kuna mtu amefariki. Nikamwambia Muigai aniwekee ile filamu kutoka pale sokoni, na asiguse kitu. Alisita. Akaniambia, kwa upole, maana Muigai hajawahi kunikosea adabu:

"Mama Syoki, kwa wimbo hakuna kitu inafanyika. Watu wanazunguka tu na nguo."

Nikamwambia aache wazunguke.

Ndugu wageni waalikwa, ule wimbo ni mrefu, na ndani yake ndimo filamu yote ilimo. Mvulana anaomba mkono, binti anamcheka viatu vyake. Mvulana anajisifu, binti anageuka anaendelea kupanga mikate. Anamuuliza maswali, tena matatu, na mvulana anayajibu vibaya. Anaondoka. Anarudi, safari hii bila kujisifu, anayajibu upya. Na mwisho wa wimbo, nawaambia haya kwa sababu niliyaona kwa macho yangu, si mvulana anayeshika mkono. Ni binti, baada ya kujipangusa unga, ndiye anayeunyoosha wake. Hayo yote Muigai alikuwa akiyaruka kwa kidole kimoja.

Mimi nilikuwa nimepandwa na hasira. Aliyesema ni Mama Kijakazi. Alikuwa ameshika bakuli lake la mahamri kiunoni, akamwangalia Muigai kuanzia chini.

"Mwanangu, kwetu mke mwenza huambiwa lake kwa wimbo. Jirani mchokozi husutwa kwa wimbo. Bibi harusi hupewa siri za ndoa kwa wimbo. Wewe ukiruka wimbo, umebakiza nini? Umebakiza watu kuvaa na kuvua kofia."

Muigai akasema lakini watoto hawajui Kiingereza cha wimbo. Mama Kijakazi akamuuliza kwani yeye mshahara anapewa wa kufanya nini.

Hapo ndipo ninapotaka kumsifu, na ninamsifu kwa moyo wote, kwa sababu nimeshagombana na wanaume wengi katika maisha yangu mafupi, na ni wachache niliowaona wakibadilika bila kwanza kununa. Jumamosi iliyofuata wimbo ulianza, na Muigai hakubonyeza. Aliweka maiki mapajani. Hakujua mikono aiweke wapi. Watoto waligeuka wote wakawa wanamtazama yeye badala ya runinga, na mmoja akamuuliza kama amelala. Wimbo uliendelea kwa Kiingereza, hakuna aliyeelewa, watoto wakaanza kufinyana. Nilifikiri tumeharibu kila kitu, mimi na aproni yangu.

Halafu akaimba.

Jamani, niseme kweli, ingawa anaondoka na tunampenda. Sauti ya Muigai ya kuongea ni asali, ya kuimba ni lango la duka likifungwa. Alifuata wimbo nyuma nyuma kama mtu aliyeachwa na gari. Binti wa filamu akimaliza mstari, Muigai ndiyo kwanza anauanza, kwa Kiswahili, bila vina, maneno yakigongana: viatu vyako vina matope, wewe ni mchunga bata wa aina gani, mbona mikono yako milaini. Lakini watoto walinyamaza. Walijua sasa anaulizwa nini. Na mvulana alipojibu vibaya, ukumbi mzima ukaguna, na Mama Kijakazi akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba huyo asirudi mpaka akafunzwe.

Tangu hapo hakuna wimbo uliorukwa katika ukumbi huu Jumamosi. Muigai akawa anakaa na filamu siku kadhaa kabla, anatafuta maneno. Alikuwa akitupitia sisi akina mama pale kwenye kamba za nguo, kutuuliza: mama akimbembeleza mtoto asiyelala anasema nini? Mtu aliyefiwa akiimba kwa hasira, si kwa huzuni, anasema nini? Tulimwambia. Sijawahi kuulizwa maswali mazuri kama hayo na mtu yeyote, na baba Syokimau yupo hapo mlangoni, amesikia.

Sasa nawarudisha kwenye korido yetu. Yule kijana wa darasa la pili alirudi. Akamshika tena Syokimau mkono, akasema twende. Syokimau akautoa. Akakunja mikono kifuani.

"Uliza kwanza. Halafu uimbe."

Kijana maskini hakuwa na wimbo. Akaimba tangazo la sabuni, lote, mpaka mwisho. Syokimau akamsikiliza kwa heshima, hakumkata. Alipomaliza akamwambia hapana, na wakaenda kucheza kitu kingine. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na beseni langu, na mnaweza kudhani nilicheka. Sikucheka. Nilikaa chini.

Hicho ndicho ninachokiita uzuri wa filamu hizi. Si magauni, ingawa magauni ni mazuri. Si majumba. Ni kwamba zina subira ya kumngoja mtu aseme yaliyo moyoni mwake mpaka ayamalize, na wengine wote wanasimama wanamsikiliza. Nyumbani kwangu mimi sijawahi kumaliza sentensi. Wiki hii nzima hakuna aliyenisikiliza kwa urefu wa wimbo mmoja. Na nyinyi akina mama mnaotikisa vichwa, lini ilikuwa mara yenu ya mwisho?

Na baada ya haya yote, Jumatano, tukaletewa habari kwamba kwa kuwa Muigai anaondoka, Jumamosi alasiri itakuwa ya mpira. Watoto wasiingie tena. Nikamwendea Mzee Kinyanjui nyumbani kwake, kwa adabu, nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Akasema mpira unajaza mabenchi. Na nilipomtajia filamu, akasema, na namnukuu kwa heshima zote, kwamba hizo ni za kuimba-imba tu, na watoto tuwawekee kwa simu.

Kwa simu. Mzee wangu, simu ipi? Simu yangu ina ufa katikati, binti mfalme anakuwa na vichwa viwili. Bando linaisha kabla ya wimbo wa kwanza. Na hata lisipoisha, mtoto wa simu anacheka peke yake, shingo imepinda, na mimi niko jikoni nasikia kicheko nisichojua ni cha nini. Ninaposema familia, sisemi watu wanaolala chumba kimoja. Hao tuko wengi. Nasema watu waliowahi kuangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mpira hatuuchukii. Muigai anakwenda kuutangaza, Mungu ambariki. Lakini mpira una Jumapili, una Jumatano, una kila siku jua linapozama. Sisi tuna alasiri moja.

Kuna jambo nilijiuliza asubuhi kama niliseme, na uji ukachemka ukamwagika nikiwa bado najiuliza. Nitalisema, mzee, na nalisema kwa upendo. Mwaka jana, ulipokuwa bado umevaa nguo nyeusi za msiba wa mkeo, Mama Njambi, ulikuja hapa Jumamosi moja kutuambia tupunguze sauti. Kwenye runinga alikuwapo yule mfalme mzee wa ile filamu ya theluji, anaimba akikipangusa kiti cha malkia kisichokaliwa. Na Muigai alikuwa akiimba nyuma yake, kwa sauti yake mbovu ile ile: nani atanikumbusha kofia yangu, nani ataniambia nimekula chumvi nyingi. Ulisimama pale karibu na nguzo. Ulivua kofia. Nilichokiona usoni mwako ni chako, sitakisema. Ninachosema ni kwamba hukutuambia tupunguze sauti, na ulikaa mpaka filamu ikaisha, na ulipotoka ulimshika Muigai bega.

Basi usiniambie mimi ni kuimba-imba tu. Mwambie mwingine, si mimi.

Najua nimezidi. Mwenyekiti ananiangalia, na huyu mgongoni ameshaanza. Naingia mwisho. Wageni wengi mmeniuliza tuwaletee nini, tuwasaidie na nini, ili hii alasiri isife na kuondoka kwa Muigai. Mimi si mtu wa kusema chochote mtakachojaliwa. Chochote mtakachojaliwa hakijawahi kufika. Nasema vitu.

Kutoka kwa wageni wetu wa Hurlingham, nahitaji pazia zito la dirisha lile, kwa sababu jua la saa tisa linampiga binti mfalme usoni. Rangi yoyote. Nahitaji na waya wa spika, mrefu, ule wa sasa umefungwa kwa plasta ya kidonda. Kutoka kanisani, mabenchi mawili mafupi, yale ya watoto, mliyoyaweka stoo. Kutoka kwa Ustadh, mkeka, mpana, wa hawa wanaoketi sakafuni. Mama Kijakazi asilete kitu. Yeye aendelee kuwagunia wachumba wa uongo.

Kutoka kwako, Muigai, nahitaji sauti. Una simu, una mdomo. Kila filamu mpya tutakayopata tutakueleza, nawe urekodi nyimbo zake kwa Kiswahili, ututumie, tutaziweka zenyewe wimbo ukianza. Usitafute mwimbaji wa redioni akusaidie. Usizisafishe. Watoto hawa wanaamini wafalme wote duniani huimba kama wewe, na mimi sitaki wajue vingine kwa sasa.

Kwa yote uliyotufanyia, baada ya kuacha yale uliyokuwa ukitufanyia, tunakushukuru. Nenda salama, oa vizuri, uliza kwanza.

Na kutoka kwako, Mzee Kinyanjui, sihitaji kitu cha kubebwa na boda. Nahitaji ufunguo wa mlango huu kila Jumamosi alasiri, na kabla ya ufunguo nahitaji neno lako, hapa, mbele ya Pasta na Ustadh na watoto hawa ambao, kama unavyoona, wamenyamaza.

Nimemaliza niliyoyaandika. Nawashukuru nyote kwa kuniacha nifike mwisho wa sentensi zangu. Wengi wenu hamjui mmenipa nini. Wengine mnaweza kupiga makofi sasa. Mimi sitaketi bado. Namngoja mzee.